Waya wa Betri ya Gari: Pima Shaba, Usipime Plastiki

Swali ni lilelile, huja limebadilishwa nguo tu. "Nimeweka betri mpya lakini stata bado inazunguka kwa uvivu, ninunue stata?" Au: "Nataka kuhamishia betri kwenye buti, niweke waya wa ngapi?" Au lile la wapenda muziki: "Besi ikipiga, taa zinafifia. Betri ni ndogo?" Mara nyingi dawa ya yote matatu iko kwenye kitu ambacho watu hawakitazami: waya unaotoka kwenye betri, na mwenzake unaorudi.

Haya yanahusu magari ya volti 12, ya petroli na ya dizeli. Kwa lori la volti 24 njia ya hesabu ni hiyohiyo, ila ampea zake si hizi. Kama gari lako ni la umeme au la haiburidi, nyaya nene za rangi ya machungwa usiziguse kabisa. Hizo zina volti za kuua na hazina uhusiano na mwongozo huu.

Nadharia nitakupa moja tu. Umeme ukipita kwenye waya, volti kiasi hupotelea njiani. Kinachopotea huongezeka ampea zikiwa nyingi, huongezeka waya ukiwa mrefu, na hupungua shaba ikiwa nene. Nyumbani, zikipotea volti 2 kati ya 230 hakuna atakayejua. Kwenye gari, volti 2 kati ya 12 ni tofauti ya gari linalowaka na gari la kusukumwa.

Vitu vya kuandaa

- Multimita ya kawaida inayosoma volti za betri hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Ya bei ndogo inatosha.
- Kamba laini na futi ya kupimia.
- Kalipa, kwa ajili ya kupima unene wa nyuzi.
- Kisu kikali, brashi ya waya na kipande cha msasa.
- Spana: namba 10 kwa vibanio vya betri, na 12, 13 au 14 kwa nati ya stata.
- Koleo la kubania lagi (kichwa cha shaba chenye tundu la bolti kinachovishwa ncha ya waya), lile linaloacha alama ya pembe sita. Kama huna, azima. Nyundo haliwi koleo.
- Lagi za shaba zinazolingana na waya na bolti, na mpira wa kusinyaa kwa joto, ikiwezekana wenye gundi ndani.
- Glavu na miwani ya macho.

Vua pete na saa ya chuma kabla hujainamia boneti. Pete ikiunganisha spana ya chanya na bodi, inakuwa nyekundu kama kaa la moto ikiwa bado kidoleni mwako.

Hatua ya 1: Jua ampea zitakazopita

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanasoma namba zilizo kwenye betri. Betri imeandikwa 60 Ah, mtu anatafuta waya wa ampea 60. Hiyo 60 Ah ni ukubwa wa tangi, haielezi kasi ya maji kwenye bomba. Pembeni pameandikwa labda 540 A, naye anadhani gari linavuta 540. Hapana: hizo ni ampea ambazo betri ina uwezo wa kutoa kwenye baridi kali. Gari huchukua inazohitaji tu.

Ampea za kutumia kwenye hesabu ni za kile kinachovuta. Kwa stata, makadirio ya kuanzia ni haya:

- Injini ndogo ya petroli, hadi lita 1.3: ampea 100 hadi 150.
- Petroli ya lita 1.5 hadi 2.0: ampea 150 hadi 200.
- Petroli kubwa ya silinda sita na kuendelea: ampea 200 hadi 250.
- Dizeli ya lita 2.5 hadi 3.0: ampea 300 hadi 400.

Pale stata inapoanza tu kuzunguka, kwa sehemu ndogo ya sekunde, huvuta zaidi ya hapo. Injini ikiwa baridi na oili imekuwa nzito, ampea zinapanda pia. Kwa hiyo chukua namba ya juu ya kundi lako, usijifanyie hisani.

Kwa amplifaya (kikuza sauti cha muziki) au inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani), tazama fyuzi zilizo kwenye mwili wake na uzijumlishe. Fyuzi mbili za 30 ni ampea 60. Wati zilizoandikwa kwenye boksi kwa maandishi makubwa zisahau, hayo ni matangazo.

Hatua ya 2: Pima urefu wa kwenda na wa kurudi

Chukua kamba, anzia kwenye betri, ifuatishe njia ambayo waya utapita kwelikweli: ukipinda kona, ukikwepa bomba la moshi na mikanda, hadi kwenye stata. Kisha inyooshe kamba na uipime. Ongeza sentimita 15 hadi 20, kwa sababu injini hutikisika inapowaka na waya uliokazwa kama uzi wa gitaa hung'oa lagi.

Sasa fanya hivyohivyo upande wa hasi: kutoka betri hadi bodi, na kutoka bodi hadi injini. Jumlisha. Hiyo jumla ndiyo urefu wako. Bodi yenyewe ni chuma kipana, hivyo haina haja ya kuhesabiwa endapo viungo vyake ni safi.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Zidisha ampea kwa jumla ya mita, zidisha kwa 0.0175, kisha gawa kwa volti unazokubali zipotee. Jibu ni milimita za mraba za shaba. Kwa stata mimi hukubali volti 0.3 zipotelee kwenye nyaya. Viungo navyo vitakula sehemu yao, ndiyo maana sianzi na 0.5.

Mifano mitatu.

Gari dogo la petroli, ampea 150, chanya mita 1 na hasi nusu mita: 150 × 1.5 × 0.0175 ÷ 0.3 = 13.1. Saizi za madukani ni 10, 16, 25, 35, 50, 70 na 95. Unapanda juu, hushuki. Weka 16.

Dizeli, ampea 400, jumla mita 2: 400 × 2 × 0.0175 ÷ 0.3 = 46.7. Weka 50.

Petroli ya lita 2.0 iliyohamishiwa betri kwenye buti, ampea 200, jumla mita 5.5: 200 × 5.5 × 0.0175 ÷ 0.3 = 64.2. Weka 70. Ndiyo, 70. Hapa ndipo watu hunishangaa, maana gari lilikuwa na 16 au 25 na likawaka miaka kumi. Liliwaka kwa sababu betri ilikuwa hatua moja kutoka kwenye stata.

Kwa kitu kinachovuta muda mrefu, kama inveta au amplifaya, kuna kigezo cha pili: joto. Stata hufanya kazi sekunde mbili tatu na waya hauna nafasi ya kuchemka. Inveta inaweza kuvuta saa nzima. Hapo mimi sivuki ampea 4 kwa kila milimita ya mraba. Amplifaya ya ampea 60 yenye jumla ya mita 5, ukikubali kupoteza volti 0.4, inahitaji 13.1. Kwa kigezo cha joto inahitaji 15. Kwa vyovyote unaishia kwenye 16.

Hatua ya 4: Hakikisha wewe na muuzaji mnazungumza namba moja

Kuna vipimo viwili sokoni. Kimoja ni milimita za mraba, ambacho namba ikikua waya unanenepa. Kingine ni geji ya Kimarekani, AWG, ambacho namba ikikua waya unakonda. Geji 8 ni kama milimita za mraba 8, na kufanana huko ni bahati tu. Geji 6 ni 13, geji 4 ni 21, geji 2 ni 34, 1/0 ni 53, na 2/0 ni 67.

Onyo: ukiomba "waya wa 16" ukapewa wa geji 16, umepewa shaba ya milimita za mraba 1.3. Huo ni waya wa taa ya ndani. Ukiufunga kwenye stata utapata moshi kabla injini haijazunguka. Sema kwa ukamilifu: "milimita za mraba kumi na sita".

Hatua ya 5: Chunguza shaba kabla ya kulipa

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Waya unene wake wa nje unaweza kuwa kama kidole gumba, ukimenya unakuta ganda la plastiki limejaa na shaba ni kama ya kalamu. Kuna njia mbili za kujua.

Ya kwanza ni kuhesabu. Omba kipande kimenywe ncha, hesabu nyuzi, na pima unene wa uzi mmoja kwa kalipa. Zidisha unene kwa unene, kisha kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi. Nyuzi 126 za milimita 0.4 zinatoa 15.8, basi huo ni wa 16 kweli. Nyuzi 196 za 0.4 zinatoa 24.6, huo ni wa 25. Ukipata 9 kwenye waya ulioandikwa 16, rudisha.

Ya pili ni kukwangua. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona rangi ya fedha, usikate shauri haraka: nyuzi nyingine ni shaba tupu iliyopakwa bati kwa juu, nazo huonekana nyeupe nje na nyekundu ndani, na ni nzuri. Mbaya ni ile iliyo nyekundu nje na nyeupe ndani. Hiyo ni alumini iliyovishwa shaba. Hata uzito utakuambia, waya huo ni mwepesi mkononi. Hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule, na nyuzi zake hukatika upesi zikipindwapindwa. Wapo watengenezaji wa magari wanaotumia alumini kwa makusudi, lakini waliunenepesha waya na viungo vyake vilifanywa kiwandani. Wewe na mimi tununue shaba.

Tazama pia ganda. Waya wa nyumba, hata ukiwa mnene wa kutosha, nyuzi zake ni chache na ngumu, hauvumilii mtikisiko, na ganda lake la kawaida ni la nyuzijoto 70. Karibu na injini tafuta la 105. Waya wa mashine ya kuchomelea ni laini na una shaba nyingi, nami nimeutumia sana, ila baadhi ya maganda yake ya mpira huharibiwa na oili, hivyo uvishe bomba la plastiki la kinga.

Hatua ya 6: Hasi ipewe haki sawa na chanya

Kila ampea inayotoka lazima irudi. Bado utaona chanya ya 35 inayong'aa na hasi ya zamani iliyoliwa na kutu nyeupe.

Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haijaunganishwa na bodi mpaka pawe na waya wa kuiunganisha. Waya huo ukikatika, umeme hautakaa kimya, utatafuta njia nyingine. Niliwahi kuletewa gari lililokuwa likinuka kuungua kila likiwashwa, na waya wa kuvutia mafuta (ule unaotoka kwenye pedali ya mafuta hadi kwenye injini) umegoma. Mwenyewe alishabadilisha waya huo mara mbili. Kumbe mkanda wa hasi wa injini ulikuwa umeachwa bila kufungwa baada ya giaboksi kushushwa, na ampea zote za stata zilikuwa zinarudi kwa kupitia kwenye waya wa mafuta, zikiupika taratibu.

Basi weka saizi ileile pande zote mbili. Mahali lagi inapokaa kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu ya kiungo kuzuia kutu. Grisi ni baada ya kukaza.

Gari lako likiwa la kisasa lenye kisanduku kidogo kwenye kibanio cha hasi, hicho ni kipima ampea. Waya wowote wa hasi unaoongeza ufungie upande wa bodi. Ukifunga moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, kompyuta ya gari haitauona umeme huo na itakosea kuchaji.

Hatua ya 7: Bana lagi

1. Menya ganda kwa urefu wa shingo ya lagi tu. Usikate hata uzi mmoja.
2. Visha mpira wa kusinyaa kwanza. Kila mtu husahau hili mara moja maishani.
3. Ingiza nyuzi zote hadi mwisho. Lagi ikipwaya, ni kubwa mno. Usijaze nafasi kwa vipande vya waya.
4. Bana kwa koleo mara mbili, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Ikitoka, afadhali itoke sasa.
5. Sogeza mpira na uupashe joto hadi ushike.

Kuhusu kulehemu kwa risasi: mafundi wazuri hubishana. Msimamo wangu ni kubana bila kulehemu. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko huzikata.

Hatua ya 8: Funga kwenye gari

Kama redio ina namba ya siri, itafute kwanza. Zima kila kitu. Fungua hasi kabla ya chanya, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni nyepesi: hasi ikiwa imetoka, spana ya chanya ikigusa bodi haitokei kitu.

Nguzo za betri hazilingani. Kwenye betri nyingi chanya ina unene wa milimita 19.5 chini na hasi 17.9. Kwenye betri nyembamba za magari madogo ya Kijapani ni 14.7 na 13.0. Kibanio kikipwaya, badilisha kibanio. Msumari uliopigiliwa pembeni au karatasi ya sigara iliyokunjwa ni ahadi ya kukwama njiani.

Waya wa amplifaya au inveta uwe na fyuzi ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Fyuzi hulinda waya, hailindi redio yako, hivyo isizidi kile waya unachobeba. Waya mrefu wa betri iliyo kwenye buti nao unahitaji fyuzi kubwa ya kufungwa kwa bolti, itakayovumilia stata lakini ikatike waya ukigusa bodi. Kila tundu la chuma unalopitia livishe mpira.

Hatua ya 9: Pima kazi yako

Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Muombe mtu apige stata kwa sekunde tatu nne, wewe ukisoma mita.

- Ncha moja kwenye nguzo ya chanya yenyewe, si kwenye kibanio. Nyingine kwenye bolti kubwa ya stata. Stata ikizunguka, isizidi volti 0.5.
- Ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Isizidi 0.3.
- Nguzo ya chanya na kibanio chake: 0.1 au chini.

Mambo yakigoma

*Waya umepata joto wote, mwanzo hadi mwisho.* Ni mwembamba. Rudi hatua ya 3, na hatua ya 5 kama hesabu yako ilikuwa sahihi.

*Joto liko ncha moja tu.* Waya hauna kosa. Kiungo ndicho kibovu: lagi haikubanwa, au kuna rangi au kutu chini yake.

*Upande mmoja unapoteza volti 0.8.* Usinunue kitu bado. Sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: nguzo hadi kibanio, kibanio hadi lagi, lagi hadi bolti. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi msasa unamaliza kazi.

*Taa zinafifia kwa besi ingawa waya ni mnene.* Pima volti kwenye nguzo za betri besi ikipiga. Zikishuka hapo hapo kwenye betri, basi alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) na betri zimezidiwa, na waya wa unene wowote hautasaidia.

*Alteneta inatoa 14.3 lakini betri inapokea 13.6.* Waya kati ya alteneta na betri, au hasi ya injini. Watu wengi hubadilisha nyaya za stata wakausahau huu.

*Waya ni wa zamani, mnene, lakini unapoteza volti.* Menya kidogo karibu na lagi. Ukikuta unga wa kijani au weusi, kutu imeshaingia ndani ya ganda. Kata hadi uone shaba safi. Ukikata sana na bado ni nyeusi, tupa.

*Stata ni mvivu na vipimo vyote ni vizuri.* Pima betri yenyewe wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, yaani karibu 12.6 kabla ya kuanza, ipeleke betri ikapimwe. Ikibaki juu ya hapo, nyaya hazipotezi kitu na viungo ni safi, basi sasa ndiyo una ruhusa ya kuishuku stata.